Kaunti zipewe usemi kuhusu mitaa ya jiji

Jumamosi moja alasiri nilikuwa nyumbani kwangu Kawangware nikisahihisha insha za wanafunzi, mara majirani watatu wakanibishia hodi. Mmoja alikuwa mzee mstaafu, wa pili mama auzaye mboga kando ya Naivasha Road, na wa tatu kijana fundi wa viatu. Mzee alikuwa ameshika karatasi mbili zilizokunjwa mara nne. "Mwalimu," akaniambia, "wewe ndiwe msomi wa lugha hapa kwetu. Hebu tusomee hii."

Ilikuwa ilani kutoka ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Iliandikwa kwa Kiingereza, tena kile Kiingereza cha mawakili ambacho hata Mwingereza mwenyewe hukisoma mara mbili. Kwa ufupi, ilisema kwamba sehemu ya mtaa imo katika mipaka ya mradi, kwamba waliomo ndani ya mipaka hiyo wana siku 60, na kwamba mwenye lalamiko alipeleke kwa maandishi katika anwani iliyotajwa chini.

Nilifasiri aya moja baada ya nyingine pasipo taabu kubwa, hadi nilipolifikia neno ambalo wapangaji wa miji hulitumia kwa kazi hii ya kubomoa mtaa mkongwe na kuusimamisha mwingine mahali pake. Katika Kiswahili tunayo maneno kadhaa. Wengine husema kukarabati, lakini anayekarabati hupiga nyumba rangi na kuziba ufa, haiondoi. Wengine husema kustawisha upya. Magazeti yetu hupenda kusema kufufua, nami nikalitumia hilo kwa sababu ya mazoea. Mzee akanitazama kwa mshangao. "Kufufua? Kwani mtaa huu umekufa?"

Sikuwa na jibu. Nimefundisha isimu miaka mingi, na nimewaeleza wanafunzi mara nyingi kwamba kitenzi huja na dhana zake zilizofichika. Atakayefufuliwa sharti awe amekwisha kufa, na anayefufua sharti awe na uwezo usio wa kawaida. Basi tunaposema kwamba mtaa utafufuliwa, tumekwisha kuwahukumu wakazi wake kuwa si hai, na tumempa mfufuaji cheo kisichofaa kuulizwa maswali. Ajabu ni kwamba mama yule huamka saa kumi usiku kwenda sokoni Wakulima, na kijana yule ana wateja kutoka Lavington. Mtaa uko hai mno.

Swali ninalotaka kulijadili leo pamoja na walimu wenzangu na wanafunzi wao ni hili: ni nani aliye na haki ya kuamua kwamba mtaa fulani wa Nairobi ujengwe upya? Je, ni serikali kuu, ni serikali ya kaunti, au ni wakazi wenyewe?

Tuanze na sheria, kwa maana hapo hakuna utata mkubwa kama wengi wanavyodhani. Katiba tuliyoipitisha mwaka wa 2010 iligawa kazi za serikali katika Jedwali lake la Nne. Serikali kuu ilipewa sera ya nyumba pamoja na kanuni za jumla za upangaji wa ardhi. Kaunti zilipewa upangaji na maendeleo ya kaunti, na chini ya kichwa hicho nyumba zimetajwa kwa jina, sawa na upimaji wa ardhi na uchoraji wa ramani. Sehemu hiyo hiyo ya Jedwali inazipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani na maegesho. Kwa lugha nyepesi, serikali kuu husema nyumba njema ni ya namna gani. Kaunti husema ijengwe wapi, lini na kwa mpango upi. Kifungu cha 187 kinaruhusu ngazi moja ya serikali kuikabidhi nyingine kazi yake kwa makubaliano, lakini hata hapo jukumu la kikatiba hubaki kwa yule aliyepewa kazi hiyo tangu mwanzo.

Hapa naomba msomaji aniruhusu nipenyeze jambo la lugha. Kiswahili kina madaraka, na kina mamlaka. Wanafunzi huyachanganya, na kamusi haziwasaidii sana. Katika matumizi niliyoyazoea, madaraka ni kazi uliyokabidhiwa na cheo kinachoandamana nayo; mamlaka ni uwezo wa kusema neno likatendeka. Mtu aweza kuwa na madaraka tele bila mamlaka, kama mwalimu wa zamu asiye na ufunguo wa ghala. Neno ugatuzi, ambalo Wakenya tulilikumbatia baada ya 2010 (ndugu zetu wa Tanzania hupendelea ugatuaji), lilikusudiwa kuyahamisha yote mawili. Kwa upande wa mitaa ya Nairobi, naona kwamba madaraka ndiyo yaliyohama. Mamlaka yamekuwa yakienda na kurudi.

Wala si jambo la jana. Mwaka wa 1983 serikali kuu ililivunja Baraza la Jiji la Nairobi na kuliweka jiji chini ya tume ya wateule wake, na hali hiyo ikaendelea hadi 1992. Kwa miaka hiyo mkazi wa Nairobi hakuwa na diwani wa kumlilia. Ni katika kipindi hicho hicho, mwaka wa 1990, ambapo vibanda vya Muoroto, karibu na kituo cha mabasi ya Machakos, vilibomolewa, na baadaye mwaka uo huo tingatinga zikaingia Kibagare, upande wa magharibi, kule kwenye mpaka wa mashamba ya Loresho. Maelfu ya watu waliachwa bila makao. Vitongoji hivyo viwili viliondolewa kwa sababu zilizoitwa za usafi na usalama. Nani angeulizwa? Tume haikuwa imechaguliwa na yeyote kati yao, na haikutarajia kura ya yeyote kati yao.

Turuke hadi 2018, wakati ambapo katiba mpya ilikuwa inakaribia kutimiza miaka minane. Mwezi wa Julai mwaka huo, nyumba, makanisa na shule kadhaa zilibomolewa Kibera ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Barabara hiyo ilikuwa ya shirika la barabara za mijini la serikali kuu. Sisemi kwamba haikuhitajika. Nimeipita, na hupunguza safari. Nasema tu kwamba mtoto aliyekwenda shule Ijumaa na kuikuta kifusi Jumatatu alikuwa mkazi wa kaunti, darasa lake la chekechea lilikuwa jukumu la kaunti, na maji aliyokunywa ni jukumu la kaunti, lakini uamuzi wa siku ya kubomoa ulitoka kwingine. Kaunti ilibaki na hasara, na uamuzi ukabaki kwa wenye tingatinga.

Kisha ukaja mwaka wa 2020. Mnamo Februari 25, katika Ikulu ya Nairobi, gavana Mike Sonko alitia sahihi mkataba wa kuikabidhi serikali kuu kazi nne za kaunti: afya, uchukuzi, ujenzi wa umma, na upangaji na maendeleo. Gavana huyo alikuwa tayari ameshtakiwa kortini na kuzuiwa kuingia afisini mwake, na mnamo Desemba mwaka huo bunge la kaunti likamwondoa, Seneti ikathibitisha. Kazi zile nne zilipewa idara iliyojulikana kama NMS, chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi, nayo ikadumu hadi Septemba 2022.

Ni lazima tuwe waadilifu. Idara ile ilifanya kazi iliyoonekana kwa macho. Visima vilichimbwa katika vitongoji, na njia za wapita kwa miguu kwenye Kenyatta Avenue na Wabera Street zikatandazwa upya hata mtu akaweza kutembea mjini bila kutazama mashimo. Niliyafurahia hayo, na nilisikia wengi wakisema afadhali jeshi. Ila kulikuwa na upungufu mmoja usioonekana kwa macho. Idara ile haikutokana na kura, na ilipoondoka, iliondoka na kumbukumbu ya kwa nini jambo lilifanywa hivi wala si vile. Chukua kituo cha matatu cha Green Park, karibu na Uhuru Park. Kilijengwa kwa ajili ya matatu za upande wa Ngong Road na Lang'ata Road ili zisiingie katikati ya jiji. Mwisho wa 2022 serikali mpya ya kaunti ilipotaka kukitumia kwa magari ya masafa marefu, wenye matatu wakapinga, mabishano yakafika kortini. Kituo kilikuwapo, lami ilikuwapo, mistari ilikuwa imechorwa. Kilichokosekana ni makubaliano ya watu watakaokitumia, na hayo hayamwagwi kama zege.

Kuna kisa kingine cha wakati huo ambacho huwasimulia wanafunzi wangu. Pembeni mwa Waiyaki Way, kule Westlands, umesimama mti wa Mugumo wenye umri wa zaidi ya miaka mia moja. Barabara ya juu inayotoka Mlolongo hadi James Gichuru, ambayo ilifunguliwa 2022, ingeukata. Watu wakaandamana, wazee wakaja, na Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta akatoa tangazo la kuuhifadhi, mti ukakabidhiwa NMS. Tulishangilia sote. Lakini hebu tulitazame jambo hilo kwa utulivu. Mti mmoja wa kando ya barabara, katika kata moja ya jiji, ulihitaji tangazo la Rais wa Jamhuri ili uendelee kuota. Kama kungekuwa na afisi ya karibu yenye neno, mzee wa Kangemi angeiendea kwa miguu. Na je, vibanda vya mama mboga vilivyokuwa chini ya barabara hiyo hiyo, vingeandikiwa tangazo na nani?

Wapo watakaonijibu kwamba Nairobi si kaunti kama Vihiga au Lamu. Ni makao makuu ya taifa, yenye mabalozi, mashirika ya Umoja wa Mataifa na barabara za kwenda Uganda. Hoja hii ina uzito. Majirani zetu wa Uganda waliifuata hadi mwisho: kwa sheria ya 2010 waliitoa Kampala mikononi mwa baraza na kuiweka chini ya mamlaka maalumu, KCCA, inayosimamiwa na mkurugenzi mteule wa Rais. Barabara zilipata nafuu na ushuru ukakusanywa vizuri zaidi. Lakini Meya wa wananchi, Erias Lukwago, na mkurugenzi, Jennifer Musisi, walizozana miaka nenda miaka rudi, na mchuuzi wa barabarani hakujua amshitakie yupi. Musisi alijiuzulu 2018. Ukiwapa watu meya wa kumchagua na mkurugenzi wa kumtii, umewapa ugomvi wa kudumu.

Hoja iliyo nzito zaidi, na ambayo hunikosesha usingizi kama mtetezi wa ugatuzi, ni hii: kaunti yenyewe si malaika. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka wa 2004 ilionyesha jinsi mabaraza ya miji yalivyogawa ardhi ya umma kwa wenyewe na marafiki zao, hata viwanja vya michezo na vyoo vya umma havikusazwa. Madiwani hao hawakuletwa na serikali kuu, tuliwachagua. Na leo, mpangaji wa nyumba za zamani za kaunti, awe Woodley au Ngara, humwogopa afisa wa City Hall kama vile mkazi wa Kibagare alivyomwogopa kamishna.

Kwa hiyo sitaki kuwadanganya wanafunzi kwamba kuhamisha mamlaka kutoka Upper Hill hadi City Hall ni dawa. Tofauti ni ndogo, lakini ni ya maana: afisa wa kaunti ana bunge la kaunti lililo umbali wa dakika chache kwa miguu, lenye mwakilishi wa wadi ambaye jina lake mama mboga analijua na nyumba yake anaijua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mwakilishi wa wadi angalau hulala karibu na kitanda.

Mfano mwema upo, ijapokuwa ni wa upande wa pili wa jiji. Mwaka wa 2017 serikali ya Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mpango, ikasitisha ujenzi mpya kwa miaka miwili, kisha ikaanza kuwasikiliza watu. Mukuru ina kaya zipatazo laki moja. Wakazi walijipanga katika vikundi vya nyumba kumi kumi, vikundi hivyo vikatoa wasemaji, na vyuo vikuu na mashirika ya kiraia yakakaa nao kuzungumza juu ya maji, njia, shule na mapato. Barabara zilizojengwa baadaye zilifuata mazungumzo hayo kwa kiasi kikubwa, hata ingawa wakati huo kazi ilikuwa mikononi mwa NMS. Tangazo la kaunti ndilo lililofungua mlango huo, na lilitumia uwezo wa kupanga ambao sheria iliupa.

Linganisha na mpango wa kuboresha Kibera ulioanzishwa na serikali kuu pamoja na UN-Habitat tangu 2004. Septemba 2009 wakazi wa Soweto Mashariki walipakiwa kwenye malori na kupelekwa katika nyumba za muda huko Lang'ata, ili kwao kujengwe. Wataalamu waliliita zoezi hilo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kumimina kinywaji kutoka chombo kimoja hadi kingine. Naomba msinicheke, lakini neno lile lilinieleza mradi mzima. Kinywaji hakiulizwi kinapomiminwa. Familia kadhaa zilitiwa katika nyumba moja, kila moja na chumba chake, zikigawana jikoni. Wako waliokipangisha chumba hicho kwa mtu mwingine na kurudi Kibera, kwa sababu ya kazi, na kwa sababu kodi ya chumba cha Lang'ata ilikuwa mapato wasiyokuwa nayo awali. Nyumba mpya za Soweto Mashariki zilikabidhiwa wenyewe miaka saba baadaye.

Na hapa tunalifikia suala la fedha, ambalo aghalabu huamua mengine yote. Kwa mujibu wa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Fedha hizo hukusanywa na serikali kuu. Mwalimu anayesoma makala haya anaijua asilimia hiyo vyema, huiona kwenye stakabadhi yake ya mshahara kila mwisho wa mwezi. Basi kaunti yenye ardhi na wapangaji hukaa mezani na serikali yenye fedha, na tunajua mwenye fedha huzungumza kwa sauti ipi. Ndiyo maana hata mradi unaoitwa wa kaunti huzinduliwa na Rais. Pangani, ambapo nyumba 48 za zamani ziliondolewa ili kujenga 1,562, kila mpangaji alipewa shilingi 600,000 za kujitafutia makao kwa muda. Kiasi hicho si kidogo. Lakini mpangaji alihitaji zaidi kujua ni nani atakayemfungulia mlango siku ya kurudi, na kwa bei gani. Hata hiyo "bei nafuu" ni kivumishi kilicho uchi: nafuu kwa nani? Mwanafunzi wa darasa la kwanza la sarufi angeuliza.

Nadhani mgawanyo wa haki ungekuwa hivi. Serikali kuu itoe fedha na viwango, na ichunguze hesabu bila huruma. Kaunti iwe na neno la mwisho kuhusu mahali, mpango na ratiba, na mradi wowote wa serikali kuu unaogusa makao ya watu usianze pasipo idhini ya bunge la kaunti iliyotolewa hadharani. Tena sharti moja ambalo wanasheria hulidharau: ilani, mkataba na ramani viandikwe kwa Kiswahili pia. Kifungu cha 7 cha katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Ushirikishaji wa umma unaofanywa kwa lugha ambayo umma hauisomi ni maigizo. Gharama ya kuifasiri ilani ile niliyoletewa ilikuwa nusu saa na vikombe vitatu vya chai.

Nikirudi kwa majirani zangu: nilipomaliza kufasiri, kijana fundi wa viatu aliuliza ni nani aliyeitia sahihi. Palikuwa na mhuri na cheo, bila jina. Jumatatu iliyofuata mzee aliipeleka barua ya malalamiko, niliyomwandikia kwa lugha zote mbili, katika anwani iliyotajwa. Akaambiwa kwamba afisi hiyo hupokea tu, haiamui, aende kwenye kaunti. Kwenye kaunti akaambiwa kwamba mradi si wao, aende wizarani. Wizarani mlinzi wa mlangoni, mtu wa heshima, alimpa kiti kwa sababu ya umri wake, akamwambia arudi akiwa na rejea ya faili.

Nakala ya tafsiri yangu ingali imebandikwa ukutani, juu ya mfereji wa maji wa ploti yetu. Mvua imefuta mistari ya mwisho. Siku zilizosalia katika zile 60 ni kumi na tisa, na mzee amepanga kwenda tena Jumanne.